Msichana anaponyonywa kingono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vyombo vya habari, mitandao na sisi tunaosoma

Nimehariri habari za mahakamani kwa miaka kadhaa, na maswali haya hunijia tena na tena kutoka kwa waandishi wachanga, walimu, wazazi na wasomaji wenye hasira. Ukiyasoma kwa pamoja utaona kitu kimoja: mengi yanaanza na msichana. Alikuwa wapi? Ana miaka mingapi hasa? Kwa nini hakusema? Yanayoanza na mwanamume aliyetenda ni machache. Nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

Unyonyaji wa kingono wa mtoto ni nini? Si ubakaji tu kwa jina lingine?

Mara nyingi ni ubakaji, ndiyo. Kinachoongezeka ni mtego. Kuna kitu kinachotolewa au kuahidiwa: fedha, simu, chakula, pahala pa kulala, nauli, alama za mtihani, kazi, ulinzi, hata "mapenzi". Faida inaweza kumfikia mtoto mwenyewe, au ikaishia kwa kuwadi, jamaa au mwenye nyumba ya wageni. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unamhesabu mtoto kuwa mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na ibara yake ya 34 inazitaka nchi zimlinde dhidi ya unyonyaji wa namna hii. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1999, unauweka miongoni mwa aina mbaya kabisa za ajira ya watoto. Kufikia Agosti 2020 nchi zote wanachama wa shirika hilo zilikuwa zimeuridhia, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa mkataba mwingine wowote wa shirika hilo.

Hiyo zawadi ndiyo inayowapotosha watu. Wakiona zawadi wanaona biashara, na wakiona biashara wanaona wafanyabiashara wawili. Makosa mengi ninayoyaeleza hapa chini yanatokea hapo.

Kwa nini mnakataa neno "ukahaba wa watoto"? Hata Umoja wa Mataifa umelitumia.

Umelitumia kweli. Limo kwenye jina la Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ya mwaka 2000, iliyoanza kufanya kazi Januari 2002. Lakini maneno huzeeka. Mwaka 2016 mashirika ya kimataifa ya watoto yalikubaliana juu ya mwongozo wa istilahi unaojulikana kama Miongozo ya Luxembourg, na mwongozo huo unashauri kuliepuka. Uingereza na Wales zililiondoa kwenye sheria zao mwaka 2015. Sababu ni rahisi: kahaba anadhaniwa kuwa amechagua, na mtoto hana uchaguzi huo wa kufanya.

Usidhani ni mchezo wa maneno. Mwaka 2008, huko Florida, tajiri wa Marekani Jeffrey Epstein alikiri mashtaka mawili ya jimbo, na moja lilikuwa la kumtafuta mtu aliye chini ya miaka 18 kwa ajili ya ukahaba. Tazama sheria ilivyomweka yule mtoto: upande wa pili wa duka. Epstein alihukumiwa miezi 18, akatumikia takriban 13, na sehemu kubwa ya muda huo aliruhusiwa kutoka kwenda ofisini. Mtu anayeonekana kama mteja huadhibiwa kama mteja.

Na Kiswahili chetu je? Kina matatizo hayohayo?

Kina yake, na ningependa tuyazungumze zaidi ya tunavyoyazungumza.

Anza na "kuharibiwa". "Binti wa watu kaharibiwa." Anayesema hivyo huwa anamsikitikia, lakini sentensi yake inamfananisha mtoto na chombo kilichovunjika, na chombo kilichovunjika hakirudi. Wasichana wanaoisikia wanaiamini. "Kuchezewa" nalo ni hivyohivyo: linamfanya mwanasesere, na linaligeuza kosa la jinai kuwa mchezo.

Halafu kuna kauli ya kutendwa, ambayo sarufi yetu inaitoa kwa urahisi mno. "Mwanafunzi apewa mimba." Na nani? Kichwa cha habari hakisemi, na mara nyingi habari yenyewe haisemi pia. Katika chumba cha habari nilikuwa na kanuni moja: kila kitenzi chenye "-wa" mwishoni kitafutiwe mtendaji kabla ya ukurasa kufungwa. Kama hatajiki kwa sababu za kisheria, andika "mwanamume wa miaka 40 anashtakiwa kumbaka mwanafunzi". Umri wa mtu mzima ukikaa karibu na umri wa mtoto, sentensi inajieleza.

"Kuponzwa na tamaa" silijadili. Lifutwe.

"Mahusiano", "mapenzi" na "kutembea na" yanafanya kazi moja: yanaweka watu wawili ngazi moja. Mwalimu wa miaka 35 na mtoto wa miaka 14 hawana mahusiano. Kuna anayedhulumu na anayedhulumiwa.

Tunayo pia maneno ya kumwita mwanamume. "Fataki", lililoenezwa na matangazo ya redio nchini Tanzania, angalau linamweka yeye mbele na linaonya kuwa atalipuka. Udhaifu wake ni kwamba linachekesha, na mtu anayechekesha hatishi. "Sponsa" ni baya zaidi, linampa sifa ya mfadhili. Napendelea maneno makavu: mbakaji, kuwadi, mtuhumiwa, kulingana na kesi ilipofikia. Kwa msichana, "mwathirika" au "manusura" yote yanafaa, na akiwa mkubwa wa kutosha muulize anapenda lipi.

Lakini alikubali. Alirudi mara tano, hakuna aliyemlazimisha.

Mtoto hawezi kuridhia kunyonywa, basi. Sheria za nchi hutofautiana juu ya umri wa kuridhia tendo la ndoa, ila hata pale umri huo ulipo 16, msichana wa miaka 16 au 17 anayenunuliwa bado ni mtoto chini ya Mkataba wa 1989.

Kuhusu kurudi mara tano: kurubuniwa hufanyika hivyo. Kwanza anasikilizwa, pengine kwa mara ya kwanza maishani. Kisha anapewa. Kisha anatengwa na wenziwe. Kisha anadaiwa, au anatishwa kwa picha. Akifika hapo, kurudi ndiyo njia yenye hatari ndogo kuliko zote alizobaki nazo.

Mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, msichana mmoja aliieleza polisi mwaka 2008 yaliyokuwa yakimtokea. Mwaka uliofuata waendesha mashtaka waliiacha kesi kwa hoja kwamba hangeaminika kizimbani. Mwaka 2011 mwendesha mashtaka mkuu mpya wa eneo hilo, Nazir Afzal, aliutengua uamuzi huo, na Mei 2012 wanaume tisa walitiwa hatiani. Aliyebadilika ni msikilizaji.

Kwa nini watu hukimbilia kumlaumu msichana?

Kwa sababu inawapa usalama wa uongo. Ikiwa yaliyomkuta yametokana na nguo zake, simu yake au ukaidi wake, basi binti yangu ambaye havai vile hayatamkuta. Tuna hata methali zilizokaa tayari: "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", "tamaa mbele, mauti nyuma". Zisome tena ukimfikiria yule mwanamume badala ya msichana, uone kama umewahi kumsikia mtu akimrushia yeye.

Tena si wasichana wote wanaolaumiwa sawa. Utafiti wa chuo cha sheria cha Georgetown, Marekani, uliotolewa 2017, uligundua kuwa watu wazima huwaona wasichana weusi kama wakubwa kuliko umri wao na wasio na utoto wa kulindwa, kuanzia wakiwa na miaka mitano tu. Mwanamuziki R. Kelly aliandikwa kwa mara ya kwanza na gazeti moja la Chicago, kwa tuhuma za kuwadhulumu wasichana kingono, mwishoni mwa mwaka 2000. Aliachiwa huru na mahakama 2008, akaendelea kujaza kumbi. Hatia ya kwanza nzito ilikuja Septemba 2021 mjini New York, miaka zaidi ya ishirini baadaye. Waathirika wake wengi walikuwa wasichana weusi, na habari zao hazikuwa siri. Watu walizijua, wakacheza muziki.

Vyombo vya habari vimewahi kuleta mabadiliko ya kweli?

Ndiyo, na historia yake si safi.

Julai 1885 mhariri William T. Stead wa Pall Mall Gazette ya London alichapisha mfululizo kuhusu biashara ya wasichana katika jiji hilo. Umri wa kuridhia ulikuwa miaka 13. Kuthibitisha kwamba mtoto anaweza kununuliwa, Stead alipanga anunuliwe mmoja wa umri huohuo kwa pauni 5. Kampuni kubwa ya kuuza magazeti ilikataa kulisambaza gazeti hilo, na watu wakaligombania mitaani. Agosti bunge likapandisha umri kuwa 16, na umati mkubwa ukajaa Hyde Park.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia. Lakini yule mtoto alikuwa mtoto wa kweli. Alikaguliwa na mkunga, akanusishwa dawa ya usingizi, akapelekwa danguroni, kisha akavushwa hadi Ufaransa, ili habari ipatikane. Baba yake hakuulizwa. Stead alishtakiwa kwa utekaji akafungwa miezi mitatu. Jina la bandia alilompa msichana halikumfaa kitu, kwa kuwa jina lake halisi lilijulikana nchi nzima kesi ilipoanza. Sheria nzuri ilipatikana, na mtoto mmoja alitumiwa kuipata. Bado hatujaliondoa tatizo hili, tumelipunguza tu.

Na sheria ileile, iliyopitishwa kwa haraka, ilichomekwa dakika za mwisho kifungu cha kuwafunga wanaume waliofanya mapenzi na wanaume wenzao, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na wasichana wa Stead. Hasira ya umma ni lori lenye nafasi kubwa nyuma. Wengi hupakia mizigo yao.

Mfano wa karibu zaidi ni gazeti la Miami Herald, la Florida. Novemba 2018 lilichapisha kazi ya mwandishi Julie K. Brown, aliyerudi kwenye faili la Epstein ambalo kila mtu aliliona limefungwa, akawatafuta wanawake takriban 80 waliokuwa wasichana wakati ule, na baadhi wakakubali kuzungumza. Julai 2019 Epstein alikamatwa upya. Aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu wakati wa makubaliano yaliyoishia kwa Epstein kukiri mashtaka ya jimbo tu mwaka 2008, Alexander Acosta, alikuwa waziri wa kazi sasa; alijiuzulu mwezi huohuo. Mshirika wake Epstein, Ghislaine Maxwell, alitiwa hatiani Desemba 2021, akahukumiwa miaka 20 mwaka uliofuata. Brown hakufichua mtu asiyejulikana. Aliwauliza walioumizwa, jambo ambalo wengine walikuwa wameliruka.

Tazama pia yaliyofuata. Mjadala ulihama kutoka kwa wasichana kwenda kwenye orodha: nani alipanda ndege ya Epstein, nani yumo kwenye picha, nani wa chama gani. Kuwataka wenye nguvu wajibu ni sawa kabisa. Ila kuna siku nilisoma kurasa sita juu ya Epstein na neno "msichana" likatokea mara mbili.

Mji wa Rotherham, Uingereza: je, si kweli kwamba ukweli kuhusu wasichana walionyonywa ulifichwa kwa kuogopa kuitwa wabaguzi?

Kwa sehemu, ndiyo, na kulikataa hilo ni kosa. Ripoti ya Profesa Alexis Jay ya Agosti 2014 ilikadiria, kwa makadirio ya chini, kwamba watoto 1,400 walinyonywa mjini humo kati ya 1997 na 2013. Wengi wa watendaji walielezwa na waathirika kuwa wenye asili ya Asia, na baadhi ya watumishi wa umma walisema waliogopa kulitaja hilo. Gazeti la The Times, kupitia mwandishi wake Andrew Norfolk, lilikuwa limeanza kuandika juu ya makundi ya namna hii katika miji kadhaa tangu Januari 2011.

Ila ripoti hiyohiyo inaeleza jambo ambalo halipigiwi kelele hata robo. Polisi waliwadharau wasichana hao. Kuna akina baba waliowafuata mabinti zao hadi kwenye nyumba walimokuwa wakidhulumiwa, wakajaribu kuwatoa, na waliokamatwa wakawa ni wao. Hofu ya kuitwa mbaguzi haielezi polisi kumkamata baba. Dharau kwa wasichana maskini, baadhi yao wakiwa wameshapita mikononi mwa ustawi wa jamii, ndiyo inayoeleza.

Januari 2025 mjadala ulilipuka upya baada ya Elon Musk kuandika mfululizo juu ya makundi hayo kwenye mtandao wake wa X. Juni mwaka huo ukaguzi wa Louise Casey, ulioagizwa na serikali ya Uingereza, ukatoka. Ulisema kuwa asili ya watuhumiwa haikuandikwa kwa theluthi mbili yao, hivyo takwimu za nchi nzima haziwezi kubeba hitimisho la upande wowote, ingawa takwimu za baadhi ya maeneo zilionyesha wanaume wenye asili ya Asia wakizidi uwiano wao. Serikali ikakubali uchunguzi wa kitaifa. Casey alipendekeza pia kwamba wasichana waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa waliyosukumiwa wakinyonywa, kesi zao zipitiwe upya. Pendekezo hilo ndilo lililowahusu wao moja kwa moja, na ndilo nililoliona likijadiliwa kidogo kuliko yote.

Wanaofanya haya si wageni na matajiri tu?

Hapana. Mara nyingi ni mtu anayejulikana: jamaa, jirani, mwalimu, kiongozi wa dini, dereva anayempeleka kila siku. UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba wasichana na wanawake zaidi ya milioni 370 walio hai leo walibakwa au kushambuliwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, yaani mmoja kati ya wanane. Idadi hiyo haiwezi kutengenezwa na wageni.

Kutaja na kuaibisha washukiwa mtandaoni kuna ubaya gani?

Mwaka 2000 gazeti moja la Uingereza lilianza kuchapisha majina na picha za waliopatikana na makosa dhidi ya watoto. Umati ulivamia nyumba, familia zisizohusika zikahama. Huko Wales daktari wa watoto alikuta mlango wake umepakwa rangi neno la kumwita mnyanyasaji, kwa sababu jina la taaluma yake kwa Kiingereza linaanza sawa na neno hilo. Watu hucheka wakisikia kisa hiki. Nami hucheka, kisha nakumbuka kwamba mshukiwa wa kweli akishatangazwa anafuta simu yake na kuwatisha mashahidi kabla polisi hawajafika.

Nimetumiwa video ya msichana akidhulumiwa. Niisambaze ili mhusika akamatwe?

Usiisambaze. Hata kwa nia njema, hata ukiweka "tafadhali mtambueni huyu". Kila anayeitazama anamdhulumu tena, na katika nchi nyingi kuimiliki tu ni kosa. Iripoti polisi na kwa mtandao wenyewe, andika anwani ya ukurasa na saa uliyoiona, usipige picha ya skrini. Kwa picha za mtu aliyepigwa akiwa chini ya miaka 18 kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa kutoka Marekani: inatengeneza alama ya kidijitali ya picha kwenye simu yako mwenyewe, bila picha kutoka, na mitandao shiriki huitumia alama hiyo kuizuia.

Tukificha jina na kufunika uso, si inatosha?

Haitoshi. Gazeti la kwanza linataja shule, la pili linataja kijiji, redio inamhoji mjomba kwa jina lake kamili, televisheni inaonyesha mlango wa nyumba. Hakuna aliyevunja sheria peke yake, na kufikia jioni kila mtu anamjua. Kabla ya kuchapisha, tafuta wenzako wameshaandika nini. Sare ya shule, sauti, kovu na jina la mtuhumiwa ambaye ni baba yake vyote vinamtaja. Kuna nyakati ambapo, ili kumficha mtoto, inabidi kumficha na mtuhumiwa, na wasomaji watakutukana. Vumilia.

Suala la picha za kuigiza nalo: yule msichana aliyeinama ukutani gizani amechoka. Tumia picha ya mahakama.

Manusura anataka kusema kwa jina lake. Tumkatalie?

Akiwa mtu mzima, hapana, ni yake. Mweleze tu mambo mawili ambayo wahariri hupenda kuyaruka: kwamba habari itabaki kwenye intaneti na watoto wake wataisoma, na kwamba anaweza kujitoa hadi saa ya kuchapisha. Akiwa mtoto, hamu yake ya kusema haikuondolei wajibu wa kumficha. Wala usimwombe asimulie tendo. Wengi wamesimulia kwa polisi, daktari, ustawi wa jamii na mwendesha mashtaka. Wewe ni wa tano, na huna unachoweza kumfanyia kati ya vile wanavyoweza wale wanne.

Kampeni za mitandaoni zinasaidia?

Zinafungua mlango, hazikai ndani. Wasichana 276 walitekwa Chibok, Nigeria, Aprili 2014, na kwa wiki chache dunia nzima ilibeba mabango. Wiki zikaisha. Miaka mingi baadaye kulikuwa bado na wazazi wanaosubiri.

Linganisha na Meru, Kenya. Wasichana waliobakwa na kupuuzwa na polisi walikwenda Mahakama Kuu kwa msaada wa mawakili, na Mei 27, 2013 jaji akaamua kwamba kuzembea kwa polisi kuchunguza kulivunja haki zao za kikatiba. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la "Wasichana 160". Haikuwa na picha ya kuvutia, na ndiyo inayotajwa mahakamani hadi leo.

Mbona mnasema wasichana tu? Wavulana je?

Nao hunyonywa, na aibu yao hufichwa zaidi. Ukurasa huu unajibu maswali kuhusu wasichana kwa sababu ndiyo niliyoulizwa.

Mtoto ameniambia mimi. Nifanye nini leo?

Mwambie unamwamini. Usimhoji, usimwahidi siri, usimwite mtuhumiwa "myamalize". Andika maneno yake kama alivyoyasema. Kama ni ndani ya saa 72, mfikishe hospitali mapema iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake. Kenya, Tanzania na Uganda zina namba ya msaada kwa watoto, 116, bila malipo.

Habari ya zamani bado inaonyesha jina la binti yetu. Inaweza kuondolewa?

Inawezekana zaidi ya watu wanavyodhani. Mwandikie mhariri, siyo mwandishi, kwani wengi wa waandishi wameshahama. Eleza kwamba alikuwa mtoto, taja anwani ya ukurasa, omba jina lifutwe badala ya habari nzima, maana ombi dogo hukubaliwa haraka. Barani Ulaya, uamuzi wa mahakama ya umoja huo wa Mei 2014 unampa mtu haki ya kuomba injini za utafutaji ziache kuonyesha ukurasa unaomhusu. Kwingineko, Google ina fomu ya kuomba taarifa binafsi ziondolewe kwenye matokeo. Kagua pia kurasa zilizonakili habari hiyo, na maelezo yaliyo chini ya picha. Niliwahi kufuta jina kwenye aya zote za habari moja, nikajisifu, na wiki iliyofuata mama yake akanipigia: lilikuwa limebaki kwenye jina la faili la picha.